Chura ku Tumbo ya Mama

Ilianza siku ya posho, Jumamosi, saa kumi ya mangaribi. Niko na miaka kumi na sita, na niko muntu wa haya: ata ku masomo mwalimu akiniuliza, ninaangalia tu daftari. Lakini hii nitaiandika yote...

Kisha kuzaa mutoto wa saba, mama yangu alianza kutokwa na mukojo. Akikohoa, unatoka. Akicheka, unatoka. Akitwanga mihogo, kikwembe kinalowa. Aambie nani? Aliambia Tante Mujinga, dada ya papa, mwenye tunaikala naye. Alimuamini kama ndugu ya tumbo moja!

Tena akaacha kunywa maji. Eti bila maji, mukojo utatoka wapi? Midomo ikapasuka, na ule mukojo kidogo ukazidi kunuka.

Ile siku ya posho, mama na Tante balikuwa banatwanga mihogo ya bukari, ugali wetu, babili mu kinu moja. Mama akakohoa... miguu ikalowa. Tante akatupa muti yake ya kutwangia, akalia, anaita papa, kaka yake, mpaka majirani bakatoka:

"Yooo! Yaya, kuya uone! Bibi yako anatulisha bukari ya mukojo!"

Papa alikuwa anafika toka kazi ya reli, bote, viatu vyake vya kazi, ingali ku miguu. Hakuuliza kitu. Kofi! Teke mu mbavu! Akaokota ule muti wa kutwangia... Mungu wangu! Mukono wa mama ulilia kama kuni kavu. Nikamulalia juu, nimufunike, papa akanichapa mukamba wa suruali mu mugongo mpaka damu.

"Muntu muzima kukojoa, hiyo bulozi," Tante akasema. "Tumufungie chura."

Kwetu, mutoto mwenye kukojoa ku kitanda banamufungaka chura muzima ku tumbo, aogope, aache. Mutoto! Sasa mama wa batoto saba? Tante mwenyewe akaenda kukamata chura mu mufereji, akamufungia mama ku tumbo na mupira ya kinga, ile baisikeli ya nyumba. Batoto ba majirani banacheka: "Mama Chura! Mama Chura!" Mama akazimia. Nilikata ule mupira na meno.

"Kesho arudi kwao Kinkondja," papa akasema, "na batoto babakie."

Asubui, bengine banaenda ku misa, mimi nikamupakia mama ku kinga, nikasukuma mpaka ku maternité, nyumba ya kuzalia. Muzalishaji akamufunga mukono na mbao, akaandika twende ku hopitali kwa mufupa. Juu ya mukojo, akasema:

"Mama, bulozi iko wapi? Kuzaa kunalegeza nyama za chini zenye kufunga mukojo. Uzikaze kama vile unauzuia, kidogo, kisha uachilie. Kila siku, ata ukimenya mihogo. Miezi ikipita, utaona mukojo unapungua. Na unywe maji! Kiu inachoma kibofu."

Bamama, badada, musifanye kama sisi! Musifiche mpaka mufe na kiu. Na mukojo ukitoka saa zote bila kuacha, mukimbie ku hopitali, kuko operasio. Siri ya mwili mupeleke kwa muganga wa hopitali, hapana kwa mudomo wa jamaa...

Tulirudi kwanza ku nyumba, tukapata papa amekaa ku mulango, vitu vya mama vimefungwa chini. Nilipita mbele yake, nikajaza kopo kubwa ku mutungi.

"Papa, hapa hakuna bulozi. Mama iko na kiu."

Nikamushikia mama kopo ku kinywa. Akakunywa yote, mbele ya macho ya papa.