Kioo cha Damari

Siku ya arobaini baada ya kumzika mkewe Damari, Peniel alifika Kinampanda asubuhi kumchukua binti yao wa miaka sita, Scola. Ilikuwa mwaka 2003. Alikuta wakwe zake wakipepeta alizeti uani.

"Shikamoo, mama."

Marietha, mama mkwe wake, hakuitikia. "Mtoto haondoki. Kwanza rudisha kipande cha mwanangu."

Kosa lilikuwa la Peniel mwenyewe. Kwenye matanga aliwaeleza kila kitu: kwamba Damari, akiwa hai, alikubali nyama kidogo ya uvimbe wake ipimwe kwenye maabara ya chuo alikofanya kazi Peniel. Ilipimwa kwenye kioo chembamba chenye safu za vidoa, kila kidoa na jeni yake. Jeni iliyokuwa ikifanya kazi kwenye uvimbe hunasa chembe za dhahabu. Dawa ya fedha huzifunika, na kidoa hugeuka cheusi. Ukoo ulishika neno moja tu: dhahabu.

"Sekenke watu wanaichimba ardhini, shemeji," alisema Naftali, kaka wa marehemu. "Wewe umeichimba kwa dada yangu. Msomi kweli."

"Naftali, haikutoka kwake. Niliiweka mimi."

"Ndiyo mbaya zaidi. Kwetu mtu anazikwa mzima. Kioo kiende kaburini, ndipo umchukue mtoto."

Mkobani mlikuwa na vioo viwili: cha Damari, na cha kulinganishia, ambacho hakikuwahi kuguswa na chembe ya mwili wake. Kile cha kwanza ndicho pekee alichobakiwa nacho cha mwili wa mkewe. Akawapa cha pili.

Kilipofukiwa, Marietha aliinama, akanong'ona juu ya udongo:

"Damari. Kama amebakiza, mfuate mwenyewe."

Wakamwachia mtoto.

Saa tisa alasiri, nyumbani Unyambwa, Peniel alitoa kioo cha Damari kisandukuni, akakitazama kwa lenzi dirishani. Vidoa vyeusi vilikuwa thelathini na saba. Alivijua kama anavyojua vidole vyake.

Kioo kilikuwa cheupe.

Akakigeuza. Cheupe. Lakiri ya kisanduku ilikuwa nzima hadi alipoivunja yeye mwenyewe.

"Baba," Scola alisema taratibu, nyuma yake. "Mama ana mikono ya baridi."

"Amekushika wapi?"

Mtoto akageuka, akapandisha blauzi.

Mgongoni palikuwa na vidoa vyeusi, safu kwa safu, vimenyooka kama vilivyopangwa na mashine. Peniel alisugua kimoja kwa kidole. Hakikutoka.

Akahesabu. Akarudia.

Thelathini na nane. Cha mwisho, ambacho hakikuwahi kuwa kwenye kioo cha Damari, kilikuwa bado kinakolea.