Alichokataa Kusema Bwana Bei

Habari yenyewe ilimkuta ana pini mdomoni, akashindwa hata kuuliza vizuri. Mama Shanga, muuza vifungo wa meza ya pili, alimwinamia fundi cherehani sikioni akamwambia kwamba Bwana Bei ameonekana akiingia kwa mjane wa nyumba ya kijani. Mlango ukarudishwa. Na alipotoka, mwanamke alisimama kizingitini anafuta machozi.

"Mimi sisemi kitu," akamaliza Mama Shanga, ambaye alikuwa ameshasema. "Nimetaka tu ujue."

Siku nzima neno lile lilimganda fundi kama nta. Alikunja pindo la gauni la mteja upande wa nje, akafumua, akakunja tena vilevile.

Kwani huyo Bwana Bei hakuwa mpita njia. Alikuwa karani wa takwimu, na walikutana hapohapo sokoni saa ya msongamano, watu wanasukumana kati ya mitumba na ndoo za plastiki. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, kishikwambi mkononi, anauliza bei ya sabuni, ya kibiriti, ya kushona gauni. Kila mwezi alirudi kwenye meza zilezile kuuliza bei zilezile, na hanunui. Ndiyo maana soko zima lilimbatiza jina hilo. Siku ile msumari wa meza ulimchana suruali kwa nyuma. Fundi akamrushia kitambaa cha maua ajifunge kiunoni, akamketisha kwenye stuli, akaingiza uzi.

"Unauliza bei ya kila kitu," alimwambia bila kuinua macho. "Ya kiraka hujauliza."

"Naogopa utanitajia," alijibu yeye, amejitanda maua yake kama bi harusi.

Mapenzi yakaanzia kwenye kiraka. Ikawa kila jioni, kabla fundi hajafunika cherehani, simu inalia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Andika."

"Siandiki. Hapa nauliza kwa niaba yangu."

Halafu ofisi ikampangia kazi nyingine, ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanaishije. Alimweleza fundi kwamba wakubwa wamechoka kusomewa tu nchi imezalisha kiasi gani. Sasa wanataka kujua kama watu wanalala usingizi, mgonjwa anatibiwa, na mtu akipatwa na shida anamwegemea nani. Swali la mwisho huwa moja kwa wote: kuanzia sifuri hadi kumi, umeridhika na maisha yako kiasi gani?

"Na ukimkuta mtu wa sifuri unafanyaje?" fundi alimuuliza.

"Naandika sifuri, nakwenda nyumba ya pili."

"Una roho ngumu wewe."

"Si ngumu. Huwa natembea polepole."

Basi jioni ya siku ya uvumi Bwana Bei alikuja mwenyewe, amevaa shati la samawati alilomshonea fundi kwa mkono wake. Alikuja anatabasamu. Fundi hakumkaribisha kwenye stuli.

"Kwa mjane wa nyumba ya kijani ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Mkafunga mlango."

"Tulifunga."

"Alikuwa analilia nini?"

Tabasamu likamtoka. Alitazama viatu vyake, akamtazama Mama Shanga aliyekuwa akipanga vifungo vilivyokwisha kupangwa. "Hilo siwezi kukuambia."

"Mimi?"

"Hata mama yangu nisingemwambia."

Alinyoosha mkono amshike. Fundi akachukua mkasi, akakata kitambaa kisichohitaji kukatwa, akamwambia ende zake na asimpigie tena. Alipiga hata hivyo. Simu ililia juu ya meza jioni hiyo na jioni zilizofuata, naye akaiacha ilie. Kisha ikanyamaza.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Bei zikaja kuulizwa na bwana mnene mwenye miwani. Fundi alimtajia huku akitazama nyuma ya bega lake, kama vile mwingine angetokea. Kila shati jeupe lililopita lilimsimamisha mguu kwenye kanyagio. Kipande kilichobaki cha kile kitambaa cha samawati alikifanya cha kufutia cherehani, halafu akaona kinachafuka, akakifua na kukitia chini ya mto. Mama yake alimuuliza mbona hali chakula. Alisema joto.

Jumamosi moja akaja nyumbani kwao dada mmoja wa takwimu, mpole, kilemba cha zambarau. Alimwomba mama atoke kidogo, akarudisha mlango, akaeleza kwamba ndivyo kazi yao ilivyo, mtu ajibu bila sikio la pili. Aliuliza habari za maji, za shule, za usingizi. Kisha akauliza: "Ukipatwa na shida, una mtu wa kumwegemea?"

Fundi alifungua mdomo, badala ya jibu yakatoka machozi. Yule dada hakumwambia nyamaza. Aliweka kishikwambi chini akangoja. Na walipofika kwenye swali la sifuri hadi kumi fundi alisema tatu, na dada akaandika tatu bila kupandisha hata nyusi.

Nje mama alikuwa amesimama na mwiko. "Mwanangu analilia nini?"

"Samahani, mama. Hilo siwezi kukuambia."

"Mimi niliyemzaa?"

"Hata mama yangu nisingemwambia. Tumeapa."

Fundi aliyasikia maneno yaleyale yakitoka kinywa kingine. Alimkimbilia yule dada hadi getini, akauliza, kama anayeuliza njia, mbona mtaa wao hakuja karani wa kiume.

"Alipangiwa mmoja," dada alisema. "Akaikataa nyumba hii. Kwetu ni mwiko kumhoji mtu wako wa karibu. Alimwambia mkubwa wetu humu yumo mtu wake wa nyumbani."

Fundi alimpigia, na simu ikapokelewa kabla haijalia vizuri. Kulikuwa na upepo upande wa pili.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Nilishakusamehe. Ila niko mbali. Nilishindwa kupita mbele ya meza yako, nikaomba wanilete huku."

"Rudi."

"Nimeweka sahihi, fundi wangu, mpaka kazi iishe. Na nyumba za huku zimetawanyika." Upepo ukapita katikati yao. "Wewe ulijibu ngapi?"

"Huruhusiwi kunihoji."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Kweli," alisema. "Siruhusiwi."

Bado hajarudi. Hupiga akipanda kilimani kutafuta mtandao, na mara nyingine hawahi kumaliza hata salamu. Fundi amekata shati jipya la samawati kwa vipimo vya zamani, na sasa hajui kama amekonda huko, apunguze kiunoni au aache.

Wanangu mnaopenda, epukeni haya:

Kupokea habari za mtu wako kutoka kwa anayesema hasemi kitu.

Kudhani kila mlango uliorudishwa una mapenzi ndani.

Kumlazimisha mtu atoe siri ya mwenzake ili kukuthibitishia anakupenda. Akiitoa hiyo, na yako ataitoa.

Kushika mkasi ukiwa na hasira.

Kuacha simu ilie.