Kizazi cha Mama

Shuka lilikuwa limetoka kupigwa pasi, bado la moto, na lilinuka. Dobi akalinusa tena, akalitupa chini. Ptuu! Yai viza, jamani, na nywele zilizoungua. Mwanamke huyu alifua mashuka ya hoteli miaka nenda miaka rudi, matapishi na vinyesi vya watu wazima na akili zao, hakuwahi kukunja pua. Leo aliikimbilia ndoo. Kumbe harufu ilikuwa yake mwenyewe.

Alizaliwa hana kizazi. Madaktari walitoa cha mama yake wakampandikiza yeye, na baada ya kuhangaika kweli kweli, sasa alikuwa na mimba ya miezi minne. Kila asubuhi na jioni alimeza vidonge ili mwili wake usikikatae kizazi hicho.

Mchana huo, chooni, ukamtoka ute mweusi, mzito, unaovutika, na ndani yake jino. La manjano, bado lina nyama. Alitapika mpaka nyongo.

"Mama, ulinipa nini?"

"Sema polepole, anasikia," mama akanong'ona. "Jini. Alinipanda tangu usichana, akanifanya nyumba yake."

"Ukanipa mimi?"

"Nilidhani wanakiosha kwanza, mwanangu! Mashine zote zile, wasikioshe?"

Mganga aliyemwendea alasiri hiyo aliweka sikio tumboni, akalitoa haraka, akajipangusa shavu kwa kinyaa. "Mwili wako unataka kumfukuza. Vidonge ndivyo vinavyomfungia mlango. Acha kumeza, atatoka na kizazi chake."

"Na mtoto?"

"Naye."

"Nikiendelea?"

"Utazaa." Mganga alikuwa ameshaanza kunawa mikono. "Lakini wewe ulikaa humo humo ukatoka huna kizazi. Unadhani nani alikila?"

Aliporudi, mama yake alikuwa jikoni anaimba, mashavu yamejaa, usingizi aliokuwa haupati zamani sasa anaupata tele, na dobi akamchukia mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Akakiweka kidonge cha jioni mezani asikiguse. Ndipo mtoto akacheza, teke dogo, la kwanza kabisa, na yeye aliyelingoja teke hilo maisha yake yote akaangua kilio, akakidaka kidonge, akakimeza bila hata maji, huku ameshika tumbo na kumsihi mwanawe apige teke tena, mara moja tu, mamake asikie.

Hakukuwa na teke. Mle ndani, taratibu, kitu kilianza kutafuna.