Chane ya Koki

Kila Jumamosi, kazi huanza mapema katika shamba la Mbuvi na mkewe Nthambi huko Bomeni. Maji ya mfereji hupita taratibu kati ya migomba. Mbuvi hukata mikungu. Nthambi huitenganisha chane moja moja na kuosha utomvu. Binti yao mkubwa, Sharon, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, huzipanga chane hizo katika makreti. Ifikapo saa mbili, pikapu ya Nzuki, mfanyabiashara kutoka Voi, huwa imesimama mlangoni.

Ndizi nzuri zote huondoka zikiwa mbichi, ili ziivie sokoni. Zilizovunjika au kuchubuka hubaki. Zikishaiva, Nthambi huzitia katika karai kubwa karibu na mlango wa jikoni. Humo pia huwekwa mapapai yaliyodonolewa na ndege. Hayo ndiyo matunda ya nyumbani. Yakibaki hadi jioni, hupewa mbuzi.

Pikapu ikishaondoka, Mbuvi huenda dukani na kurudi na pakiti mbili za biskuti. Watoto humkimbilia njiani.

Mwaka huu, Koki, binti yao mdogo wa miaka sita, alianza kupata choo kigumu. Alikaa siku tatu, hata nne, bila kwenda msalani. Alipokwenda, alilia. Baadaye akaanza kujizuia kwa kuogopa maumivu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nthambi alimpeleka zahanati.

Muuguzi alimpima, akauliza maswali mengi. "Sioni ugonjwa mwingine," alisema. "Mtoto huyu anahitaji maji ya kutosha, mboga, maharagwe na matunda. Mrudishe baada ya mwezi mmoja tumwangalie tena. Akitapika, au tumbo likivimba, au ukiona damu, usingoje siku hiyo. Mlete mara moja."

Njiani Nthambi aliona aibu. Yeye, mwenye shamba la ndizi, kuambiwa mtoto wake hali matunda.

Jioni hiyo alimpa Koki ndizi kutoka katika karai. Koki aliigeuza, akatazama doa jeusi.

"Kula," Mbuvi akasema.

Koki aliuma kidogo. Alikiweka kipande shavuni, akatulia.

"Baba, hajameza," Sharon akasema. "Tazama shavu lake. Kama panya aliyeiba mahindi."

Koki alikwenda nyuma ya mlango, akatema. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu alilia kabla hata ya kupewa.

Jumamosi iliyofuata, Tryphena alipita. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alizaliwa Bura, akaolewa Bomeni, na huzitembelea nyumba zote za upande huo. Nthambi alimweleza yote.

"Tumembembeleza, tumemkaripia," alisema. "Hataki."

"Kwa nini hataki?" Tryphena akauliza.

"Watoto wa siku hizi wanapenda vitu vya dukani tu."

"Labda. Umemuuliza mwenyewe?"

Tryphena alimfuata Koki hadi mlango wa jikoni, akachuchumaa kando yake.

"Koki, karai hili ni la nini?"

"La mbuzi."

"Lote?"

"Lote. Sisi hula kabla mbuzi hawajarudi."

Sharon alicheka. Mama yake hakucheka.

"Na wageni wakija, hupewa nini?" Tryphena akaendelea.

"Biskuti. Kwenye sahani ya maua."

"Kwa nini hawapewi ndizi?"

Koki alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto mchanga. "Biskuti zimenunuliwa," akasema. "Ndizi zimebaki."

Tryphena aliinuka polepole. "Mama Sharon, nilikuja na maelezo yangu yote kichwani. Sasa nayaweka kando kwanza. Mtoto huyu aliona lini ndizi nzima, iliyoiva vizuri, hapa nyumbani?"

Nthambi alifikiri. Alikumbuka makreti ya wiki hadi wiki. Hakukumbuka hata ndizi moja.

Wakati huo Mbuvi alikuwa akipakia mzigo. Aliposikia wanachozungumza, alitikisa kichwa. "Dada Tryphena, ndizi nzuri ni za soko. Hizo ndizo karo ya Sharon."

"Soko lipate zake, Baba Sharon. Mimi naomba chane moja tu kwa wiki. Na aichague Koki mwenyewe."

Mbuvi alimtazama binti yake. Alikumbuka kilio chake cha asubuhi ile, msalani. "Haya," akasema. "Chagua."

Koki alipita kreti baada ya kreti, mikono nyuma, kama mkaguzi. Alizikataa chane sita. Kisha akaonyesha moja iliyotoka katikati ya mkungu bora kuliko yote.

"Hiyo?" Mbuvi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo."

Waliitundika jikoni. Kila asubuhi Koki aliichunguza na kuchora mstari wa mkaa ukutani ili kuhesabu siku. Siku ya tatu, rangi ya kijani ilianza kufifia. Tryphena alipopita tena, Koki alimngoja na swali.

"Inaivaje na hakuna moto?"

"Ndizi mbichi ina wanga mwingi, kama kiazi. Siku zinavyopita, ndizi yenyewe huugeuza wanga huo kuwa sukari. Ndiyo maana hulainika na kuwa tamu."

"Nani huiambia ianze?"

Tryphena alifikiri. "Kuna hewa fulani inayotoka ndani ya tunda lenyewe. Hiyo ndiyo huianzisha. Ukiifunika ndizi mbichi pamoja na iliyoiva, huiva upesi zaidi."

Koki aliikaribia chane, akanusa kwa muda mrefu.

Siku ya sita ndizi zilikuwa za manjano. Tryphena alikuja alasiri, watoto walipotoka shule. Nthambi alikuwa ametoa sahani ya maua kabatini.

"Tunanawa mikono kwa sabuni," Tryphena alisema. "Kisu na ubao vioshwe. Papai nalo lioshwe kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu huingiza uchafu wa ganda ndani. Na hili mmelichuma mtini, halina tundu la ndege. Lililodonolewa, waachieni mbuzi."

Nthambi alikata papai, akatoa mbegu. Koki alikata ndizi kwa kisu butu cha kupaka siagi. Vipande vikawa vya duara.

"Ni magurudumu," alisema.

Aliyapanga kwenye sahani. Juu yake akaweka vipande virefu vya papai. Sharon alisogea. "Hiyo ni nini?"

"Treni. Ile tuliyoiona Voi."

"Treni haina magurudumu makubwa hivyo. Na abiria wako wapi?"

Wakabishana. Sharon alimenya chungwa, akatoa mbegu na kuweka vipande vidogo kuwa abiria. Nthambi alitaka kuongeza sukari juu yake, lakini Tryphena alimzuia. "Utamu wake unatosha. Tukizoesha ulimi sukari, tunda halitaonekana tamu tena. Na watoto wakae chini wanapokula. Mtoto anayekimbia na chakula mdomoni anaweza kupaliwa."

Koki alikula gurudumu la kwanza, kisha la pili, hadi yakaisha. Treni ilibaki bila magurudumu. Papai hakulionja.

Nthambi alifungua mdomo. Tryphena alimgusa mkono. "Usimwambie ale," alinong'ona. "Liwe mbele yake tu. Leo amelishika na kulipanga. Kesho huenda akalinusa. Huenda ikahitaji siku kumi, na si kitu."

Haikuhitaji siku kumi. Siku ya nne Nthambi alikamulia papai matone ya ndimu, akala kipande mbele ya Koki bila kusema neno. Koki alilamba chake, akakunja uso. Kisha akalamba tena, ili ajue kwa nini alikunja uso. Mwishowe kipande kikaisha.

Sambamba na hayo, Nthambi alimpa maji mara kwa mara. Maharagwe na mchicha vilipikwa mara nyingi zaidi. Kila asubuhi baada ya chai, Koki aliketi msalani bila kuharakishwa. Siku moja alitoka huko akiimba, na Nthambi akasimama uani akimsikiliza.

Mwezi ulipoisha walirudi zahanati. Muuguzi alilibonyeza tumbo la Koki. Lilikuwa laini.

"Unaenda choo mara ngapi?"

"Kila siku," Koki akasema. "Siumii tena."

Jumamosi iliyofuata, kreti la mwisho la Nzuki lilikosa chane moja. Alichungulia jikoni, akaona chane ya kijani imetundikwa.

"Mzee Mbuvi, niongeze ile nijaze kreti."

"Ile ina mwenyewe," Mbuvi akajibu. "Zungumza naye."

Koki alitokea mlangoni.

"Mama mkubwa," Nzuki akasema kwa utani, "niuzie ndizi zako."

"Umewahi kula ndizi zetu zikiwa zimeiva?" Koki akauliza.

Nzuki alikuna kichwa. Kwa miaka mingi alikuwa amezibeba, lakini ziliivia kwa watu wengine.

Koki alinawa mikono. Alichukua ndizi ya manjano, ya mwisho katika chane ya wiki iliyopita. Aliikata magurudumu, akayapanga kwenye sahani ya maua, akaisukuma mbele ya mgeni.

Nzuki alikula moja. Kisha akaenda kuzima injini ya pikapu, akarudi, akaketi.

Siku hiyo kreti moja liliondoka Bomeni likiwa na nafasi tupu. Ukutani jikoni, chini ya chane ya kijani, Koki alichora mstari wa kwanza wa wiki mpya.