Matairi Mawili ya Mbele

Mpeleka mikate hakuwa na mtu wa kumwambia pole akirudi kutoka kazini. Hakuwa na mtu wa kumkumbusha kufunga dirisha mvua ikinyesha. Hakuwa na kelele za mtoto ndani, wala kandambili ndogo za kujikwaa mlangoni. Alichokuwa nacho ni sufuria moja na pikipiki ya magurudumu matatu: moja nyuma, mawili mbele, na sanduku la mikate katikati ya hayo mawili.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomletea upweke. Siku moja, alipokuwa akifika nyumbani, binti yake alisimama mlangoni kumpokea. Baba akashika breki. Pikipiki ikavuta kulia ghafla, ikaponda ndoo iliyokuwa kando ya mtoto.

Mkewe hakupiga kelele. Alifungasha nguo.

"Mwanangu hatagongwa na baba yake," alisema. Akaondoka na mtoto kwenda kwa mama yake, mji wa mbali.

Tangu siku hiyo mume akawa anaongea na birika. Birika halikujibu, ila lilipochemka.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akiisukuma pikipiki kuitoa uani. Jirani yake alikuwa akimtazama. Mama huyo alitengeneza pikipiki barazani kwake, na mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Alikuwa rafiki wa mkewe.

"Shemeji, unasukuma pikipiki au mnapigana mieleka?"

"Inavuta kulia, dada. Bega langu limekwisha."

"Upepo unajaza lini?"

"Jioni nikirudi. Tairi la kushoto huwa limebonyea, basi nalijaza mpaka ligome."

"Na la kulia?"

"Hilo halina neno. Nalipiga teke, naona liko sawa."

"Teke! Mguu wako una namba?"

Mpeleka mikate akaona haya. Wapeleka mikate wote walipima kwa teke. Hata yeye alifundishwa hivyo siku aliyokabidhiwa kazi.

Mama Spana akafungua sanduku. Kreti tupu za jana zilikuwa zimebanwa zote upande wa kushoto.

"Na mikate unaipanga hivi hivi?"

"Ndiyo. Ni upande ninaoshukia. Mkono unafika upesi."

"Basi tairi la kushoto linabonyezwa na mzigo. Wewe unaliongezea upepo, la kulia unalisahau. Moja gumu kama jiwe, jingine laini kama mto. Hilo laini ndilo linalokuvuta. Panga kreti katikati."

Akatoa kipimo cha upepo mfukoni.

"Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi. Yakishatembea yanapata moto, na kipimo kinakudanganya. Namba yako iko wapi?"

"Namba gani?"

Mama Spana akainua kiti. Chini yake palikuwa na karatasi ya kunata, imejaa vumbi la unga. Akaifuta kwa kanga.

"Hii hapa, namba ya upepo unaotakiwa. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usiifuate. Matairi yote mawili ya mbele yapate namba moja."

Kisha akachuchumaa. Tairi la kushoto lilikuwa limelika katikati. La kulia lilikuwa limelika kingo.

"Tutayabadilishana nafasi. Lakini kwanza tafuta mshale ubavuni. Ukiuona, tairi lina upande wake, usilihamishe. Haya hayana mshale, na ni saizi moja. Hayana nyufa, wala nyuzi hazijatokeza."

"Yatakuwa mapya?"

"We! Mpira ulioisha haurudi. Yatalika sawasawa tu. Yakiisha, nunua."

Wakaweka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, wakapiga jeki. La kulia likaenda kushoto, la kushoto likaja kulia. Nati wakazikaza kwa kupishana. Wakajaza upepo, wakapima tena.

Alijaribu pikipiki ikiwa tupu, mahali pasipo na watu. Akashika breki. Ikasimama imenyooka. Akageuka kwa furaha amwite mtu aone. Hapakuwa na mtu wake. Alikuwepo Mama Spana tu, akimwonyesha spana ili wakaze nati tena baada ya mwendo ule mfupi.

"Mwambie mkeo, shemeji."

"Nikitaja pikipiki, anakata simu."

"Mwandikie. Barua haikatiki katikati."

Hakuandika siku hiyo. Alipima kwanza, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka bega likaacha kuuma. Ndipo akakaa mezani akaandika. Alipomaliza akaisoma. Ukurasa mzima ulikuwa upepo, nati na kreti. Mahali pa mke na mtoto hapakuwapo.

Akaongeza chini: "Siku ile nilitetemeka, nikaona haya kukuonyesha. Mkija, pikipiki nitaiegesha barabarani, hata kama sasa inanyooka. Mlangoni nitafika kwa miguu."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja. Akaenda nayo posta, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua.