Orodha ya Chanjo

Kila Jumamosi, akishafua sare, Chapuchapu alikwenda zahanati alikofanya kazi mama yake, muuguzi, akaketi kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa na shangazi yake, mwandishi wa programu, kwa kuwa msichana huyo hakujua kusubiri hata chai ipoe.

Alikuwa ametengeneza programu yake ya kwanza: dirisha lenye orodha ya watoto wa chanjo na kitufe cha Hifadhi. Mama alikwisha kuingiza watoto themanini na wanne, ili Jumatatu awapigie simu wazazi ambao siku ya watoto wao imefika.

Siku hiyo Chapuchapu alitaka kubadilisha rangi ya kitufe, basi ilibidi aizime programu kwanza. Programu zake ndogo alizizima kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Control na C kwenye kibodi, amri ya kuiambia programu iache. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza mara sita.

"Kiburi gani hiki!" alifoka, akabofya Hifadhi. Programu ikazimika palepale. Alipoiwasha tena, orodha ilikuwa tupu.

Mama akachungulia mlangoni. "Vipi mwanangu, inakwenda?"

Neno "inakwenda" lilimfika ulimini. Akalimeza. "Nimepoteza orodha, mama. Yote."

Mama alikaa kitini taratibu. Hakugomba, na hilo lilimuuma Chapuchapu zaidi.

Shangazi aliitwa, akaikagua programu. "Amri yako ilifika," alisema. "Ila dirisha likingoja mtu abofye, programu inasinzia. Ulipobofya Hifadhi ikaamka, ikafuta faili la zamani ili iandike jipya, ndipo ikaikuta amri yako. Ikatii, ikafa."

Wakaiandikia ndani yake saa ndogo ya kuiamsha mara mbili kila sekunde, isikilize. Wakaiagiza pia kwamba ikiambiwa iache, ihifadhi kwanza, ifunge dirisha, ndipo iondoke. Walipoijaribu kwa majina matatu ya kubuni, dirisha lilijifunga kwa adabu na majina yakabaki.

Kisha mama akatoa kadi za watoto kabatini, akawa anasoma, Chapuchapu akiandika. Walimaliza Jumapili alasiri, vidole vikiuma.

"Kitu kisipokujibu, usikibonyezebonyeze," alisema shangazi. "Uliza kimekwama wapi."

"Na ungeniambia inakwenda," mama aliongeza, "kesho asubuhi ningefungua orodha tupu, na kuna mtoto ambaye siku yake ya sindano ingepita. Umesema kweli mapema, ndiyo maana kesho nina watu wa kuwapigia."