Kopo la Mtumbwini

Haya yalimkuta rafiki yangu Sadalla, fundi cherehani wa Kariakoo, mwaka ule mafuta ya taa yalipoadimika. Bila chombo chako hupimiwi, naye hakuwa nacho. Akapita Kivukoni, akachukua kopo ambalo shemeji yake Bakili alitumia kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, yanapoingia mtumbwini, akaenda nalo foleni. Alinuia kulirudisha jioni.

Mchana Bakili akaenda kuvua. Kesho yake mtumbwi ulionekana umejaa maji, hauna mtu.

“Kaka, lile kopo la mtumbwini hukuliona?” Sophia, mjane wa Bakili, alimuuliza matangani.

“Sijaliona, dada,” akajibu, na kopo liko chini ya kitanda chake.

Jioni hiyo, chumbani kwake Msimbazi, umeme ulikatika. Gizani akasikia, chini ya kitanda, maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, harakaharaka, kama mtu anayezidiwa. Akapapasa, akalivuta kopo. Lilikuwa kavu, linanuka mafuta ya taa.

Akalikumbatia kifuani. Kule chini maji yaliendelea kuchotwa, ila sasa kwa viganja.